Kumwita koyoti: spika ya rimoti au filimbi ya mdomo?

Mgeni_Texas: Wakuu, nataka kuanza kuwinda koyoti (mbwa mwitu mdogo wa Amerika Kaskazini) huku Texas. Ninunue spika ya rimoti inayopiga sauti za wanyama zilizorekodiwa, au filimbi ya kuigiza sauti hizo inatosha?

Mzee_wa_Pori: Faida kubwa ya spika si makelele, ni mahali inapokaa. Iweke mita 40 hivi kutoka ulipo, upepo ukipiga ubavuni. Koyoti haji moja kwa moja, huzunguka kule upepo unakoelekea ili anuse kwanza. Basi njia hiyo ndiyo uielekezee macho, umwone kabla hajafika kwenye harufu yako. Anza na kilio cha sungura aliyeumia kwa sauti ya chini, dakika moja au mbili, ndipo upandishe. Ukianza kwa kishindo, aliye karibu anatimka. Dakika 20 zikipita bila koyoti kuja, hama.

Kiulimi: Filimbi msiidharau, haihitaji chaji. Ya ulimi wazi (ulimi ni kile kipande chembamba kinachotetemeka ukipuliza): ukibana karibu na ncha yake sauti inakuwa nyembamba, ukisogeza midomo kuelekea shina la ulimi inakuwa nzito, hata mlio wa koyoti mwenyewe unautoa. Ya ulimi uliofunikwa ni rahisi kwa anayeanza, ila kwenye baridi kali mate huganda ndani na sauti inakata. Itunze ndani ya koti. Ubaya wake mwingine: mnyama anakuja akikukodolea wewe, na mkono ukiupeleka mdomoni umekwisha.

Mzee_wa_Pori: Kweli. Beba zote mbili, maana baridi hiyohiyo inanyonya betri. Na ukivuka jimbo, soma sheria upya. Si kila mahali spika inaruhusiwa kwa kila mnyama.