Migahawa ya Dodoma ilazimishwe kupika ugali wa uwele na mlenda?

MtotoWaMakole
Wadau, juzi nimepokea binamu yangu kutoka Dar, kaja na SGR, mara yake ya kwanza kufika huku. Kateremka tu ananiambia, "Leo nataka chakula cha kwenu." Nikamzungusha kuanzia Nyerere Square mpaka Area D, sehemu nne. Pilau ipo. Ndizi nyama ipo. Chipsi kuku ndiyo usiseme. Mlenda? Mhudumu mmoja alicheka, mwingine akaniuliza kama naumwa tumbo. Tumekuwa jiji tangu 2018, wizara ziko Mtumba, halafu mtu anashinda hapa wiki nzima anarudi kwao hajui uwele una ladha gani! Mimi naona liwekwe sharti kwenye leseni: ukifungua mgahawa Dodoma, angalau siku mbili kwa wiki chakula cha wenyeji kiwepo. Tujadili bila matusi.

Mhamiaji2017
Sharti la leseni? Yaani bwana afya aache kukagua vyoo aje kuonja mlenda? Mimi nilihamia huku na ofisi, mlenda nimekula mara moja tu, nyumbani kwa mama mwenye nyumba wangu Nkuhungu. Mkarimu kweli yule mama. Nikaomba kijiko, nikala, nikashukuru. Ila biashara ni biashara. Mteja hataki, unamlazimisha muuzaji apikie nani?

BintiChamwino
Samahani, uliomba nini?

Mhamiaji2017
Kijiko, dada. Kuna shida?

MzeeWaKongwa
Kijiko. Kwenye mlenda. Na mama mwenye nyumba akakuacha uendelee kupanga?

BintiChamwino
Kaka yangu, mlenda siyo uji. Unamega tonge, unalibonyeza kwa dole gumba lifanye kishimo, unachota, unazungusha mkono kidogo kukata ule uzi, ndiyo unapeleka mdomoni. Huo mzunguko wa mkono mtoto wa miaka mitatu kwetu anaujua.

Mhamiaji2017
Sasa kama kula kwenyewe kuna mafunzo, mnashangaa nini migahawa ikikwepa? Mtu ana shati jeupe, ana kikao saa nane. Uzi ukidondokea kwenye tai, anafua nani?

Chipsi_Zege
Tai! 😂😂 Nimecheka mpaka bosi kageuka.

MamaLishe_Majengo
Naomba niseme, maana hii ndiyo kazi yangu. Sembe naikuta duka lolote. Uwele mpaka niutafute, niupepete, niutoe mchanga, niupeleke kukobolewa, na mwenye mashine ananung'unika kwamba namchafulia sembe ya watu. Unga wake haukai, ukiuweka siku nyingi unaingia uchungu, kwa hiyo siwezi kusaga gunia zima nikalala. Bei nayo inapita sembe. Wali nikiupika saa tano, saa tisa bado unauzika. Mlenda ukipoa, basi. Masika majani mabichi yapo, kiangazi natumia mkavu wa kusaga, na karanga na nyanya nanunua kila siku. Napika Alhamisi tu, sufuria dogo. Wanaoumaliza ni bodaboda na wazee wa sokoni, siyo hao wenye vitambulisho shingoni. Mkinipangia siku mbili, hasara nimdai nani?

MzeeWaKongwa
Mama umenena. Ila mimi huyu wa tai hajanitoka. Waingereza nao walikuja kwetu Kongwa 1947 na matrekta yao, watalima karanga nchi nzima. Udongo ukakauka ukawa tofali, majembe yakavunjika, 1951 wakafunga virago. Babu zetu waliokuwa wanakula uwele kwa mkono wakabaki hapo hapo.

Mhamiaji2017
Mzee shikamoo, lakini mimi ni mtu wa Tukuyu, Uingereza naiona kwenye mpira tu. Na kwetu mgeni akiomba kijiko anapewa, hasimangwi. Dodoma ni ya Watanzania wote tangu Nyerere aseme mwaka 1974.

BintiChamwino
1973. Na ni TANU ndiyo iliyoamua. Ungekuja mapema badala ya kusubiri Magufuli atangaze 2016, mkono ungeshazoea.

Mhamiaji2017
Kwa hiyo sisi tuliokuja na serikali ni wageni mpaka lini? Kodi ya nyumba tunalipa, viwanja tumenunua, ninyi wenyewe mmetuuzia. Ila sahani ya mlenda ndiyo mtihani wa uraia!

SingidaAlizeti
Mnagombana kwa majani bure. Hao kuku mnaowala kwenye hiyo migahawa mkiwaita wa kienyeji, wengi wanatoka kwetu Singida. Kama ni leseni, tuanze kwa kuandika jina letu kwenye menyu.

BintiChamwino
Huyu naye kaanza.

SingidaAlizeti
Sijaanza, nimekumbusha. Kila basi linalopita kwetu abiria wananunua kuku. Nani kamwona mtu anashuka basi Dodoma kununua mlenda?

Chipsi_Zege
Dodoma wanashuka kununua zabibu na ubuyu. Halafu Jumamosi nyama choma mnadani Msalato. Hamna njaa ninyi.

MtotoWaMakole
Nimesoma yote. Mama lishe amenijibu, la leseni naliondoa, ningemuumiza yeye kabla ya wenye mahoteli. Lakini zile semina na makongamano je? Fedha ya chakula ipo, idadi ya walaji inajulikana tangu wiki iliyopita, hakuna kinachobaki kipoe. Kwa nini kila siku ni wali kuku na soda? Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliupa jina la mwaka wa nafaka hizi hizi, mtama, uwele, ulezi. Sisi wenye mashamba ya uwele tukaadhimisha kwa biriani.

Mhamiaji2017
Ulianza na leseni, sasa semina. Kesho utaingia harusini.

MtotoWaMakole
Harusini nilishaingia, dada yangu alinikatalia.

MamaLishe_Majengo
Semina ya watu hamsini naipikia. Niambiwe siku tatu kabla, nipate na malipo ya awali nikasage.

BintiChamwino
Mama, Alhamisi tukuulizie upande gani wa soko?

MamaLishe_Majengo
Kwa wauza dagaa, uliza mama wa mlenda. Ukipita saa saba usinilaumu.

Mhamiaji2017
Nitakuja. Vijiko vipo?

MamaLishe_Majengo
Viwili, vya kukorogea chai. Karibu sana mwanangu.

MzeeWaKongwa
Mimi nitakaa meza ya pili, niangalie tai.

SingidaAlizeti
La kuku hamjanijibu.