Sebule Nzuguni, Dodoma: kijani iliyokoza au krimu?

Habari za jioni wakuu. Namalizia nyumba Nzuguni, sebule imebaki rangi tu. Ni mita 4 kwa 5, ukuta mita 3 kwenda juu, dirisha moja kubwa kwenye ukuta mfupi wa magharibi. Mimi nataka kijani iliyokoza kuta zote, mama watoto anataka krimu. Skimu (ile tabaka laini ya kusawazisha ukuta) tayari, fundi anasubiri jibu. Tuna watoto wadogo, na vumbi la Dodoma mnalijua. Naombeni ushauri wa waliokaa na rangi hizi.

Mama wa Ilazo: Krimu inapendeza, nyumba inakuwa na nuru. Ila usawa wa mkono wa mtoto, pembeni ya swichi na kona ya kuingilia jikoni, udongo mwekundu haufichiki. Msichukue ile isiyong'aa, ukisugua inapauka. Chukueni silki, yenye mng'ao kidogo, inafutika kwa kitambaa kibichi.

Fundi Rangi: Kijani kuta zote hapana, mkuu. Asubuhi jua liko nyuma ya nyumba, mtakunywa chai mmewasha taa. Halafu silki iliyokoza inaanika kila wimbi la skimu, hasa kuta za ubavuni jua la saa kumi na moja linapozikwangua. Weka kijani ukuta unaotazamana na dirisha tu. Pale mwanga unapiga usoni, mawimbi hayaonekani. Ukuta huo ni mita 12 za mraba. Lita moja inapaka kama mita 10, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha hata mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu. Krimu kuta tatu, mikono miwili, lita 8 hivi. Usiuziwe ndoo mbili za lita 20.

Mleta uzi: Asante sana fundi. Hiyo kijani haitapauka kwa jua la jioni?

Fundi Rangi: Itapauka mapema kuliko krimu, ndiyo. Pazia zito, lishushwe kuanzia saa tisa.

Mdau wa Makulu: Kabla ya kununua, pakeni vipande vya jipsam, msogeze ukuta hadi ukuta, mtazame asubuhi, jioni na usiku. Balbu ya mwanga wa njano inageuza krimu kuwa njano kabisa. Mama watoto aione kwa taa mtakayotumia.

Mleta uzi: Hilo la balbu hatukuliwaza. Vioo vya dirisha bado, naweza kuanza?

Fundi Rangi: Weka vioo kwanza. Upepo wa mwezi wa nane ukikukuta na ukuta mbichi, vumbi linaganda humohumo.