Taifa Stars kuelekea AFCON 2027: pengo kubwa liko langoni, si kwa namba tisa

Wakuu, msimu wa 2026/27 ndio wa mwisho wa ligi kabla ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambayo sisi Tanzania tutaiandaa na Kenya na Uganda. Ukipita kijiwe chochote ukauliza nafasi dhaifu kuliko zote Stars, timu yetu ya taifa, jibu ni moja: straika, yaani namba tisa. Mimi nasema ni kipa. Njooni mnipinge, ila kwa hoja.

Watu wa namba tisa niwape haki yao kwanza, hawazushi. AFCON 2019 tulifunga mabao mawili katika mechi tatu, yote kwa Kenya. AFCON 2023 kule Ivory Coast tulipata bao moja tu, la Msuva, na Zambia wakiwa pungufu uwanjani bado wakasawazisha mwishoni. Kwenye ligi nako, baada ya George Mpole wa Geita Gold kuwa mfungaji bora 2021/22, misimu mitatu iliyofuata tuzo ilikwenda kwa wageni: Mayele na Ntibazonkiza waligawana, akaja Aziz Ki, akaja Ahoua. Samatta naye 2027 atakuwa na miaka 34. Yote hayo nayakubali.

Sasa tazameni AFCON 2025 kule Morocco. Tumefungwa na Nigeria 2-1, tumetoka sare ya 1-1 na Uganda, sare ya 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia tukavuka makundi. Nani alifunga? M'Mombwa, kiungo. Msuva, winga, tena kwa penalti. Feisal, kiungo. Straika wa kati hakufunga hata moja na bado tulifika 16 bora. Maana yake bao linaweza kutafutwa na yeyote: kona, faulo, shuti la mbali, hata beki aliyepanda. Kazi ya kipa hakuna wa kumsaidia nayo. Akikosea, kosa liko kwenye ubao wa matokeo.

Nafasi dhaifu mimi siipimi kwa kumwangalia anayeanza. Napima kwa kuuliza: huyu akiumia, anaingia nani, na mara ya mwisho kucheza dakika 90 ilikuwa lini? Kwa straika jibu si baya kama tunavyolia. Hata anayeanzia benchi huingia dakika ya 70, anagusa mpira, anapigwa viatu, anabaki mchezoni. Kipa wa akiba hapewi dakika ya 70. Anaweza kukaa miezi bila kudaka mechi ya maana, halafu siku moja anaitwa timu ya taifa akapambane na krosi za akina Hakimi wa Morocco.

Na kwa nini wanakaa benchi, wote tunajua. Yanga wana kipa Diarra wa Mali tangu 2021. Simba walimleta Ayoub Lakred wa Morocco 2023, kisha Camara wa Guinea 2024. Azam nao walimchukua Msudani. Klabu zetu zimefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mara mbili ndani ya miaka mitatu, Yanga 2023 na Simba 2025, na mara zote mbili langoni alikuwa mgeni. Nafasi za wageni ni 12 kwa klabu, na kwa washambuliaji au viungo zinagawanyika, mzawa anaweza kupenya pembeni yao. Langoni anasimama mmoja tu. Mgeni mmoja akisajiliwa hapo, mlango umefungwa.

Mfano unaoniuma ni wa Ally Salim, kipa kijana wa Simba. Kipa namba moja Manula alipoumia 2023, huyu kijana alidaka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Wydad. Agosti mwaka huohuo, Mkwakwani Tanga, akapangua penalti tatu za Yanga, Simba wakabeba Ngao ya Jamii. Nchi nzima ilimwimba. Msimu haujafika mbali, Lakred akawa namba moja, kijana benchi. Klabu haikutenda dhambi, inataka makombe. Lakini Stars ndiyo iliyolipa gharama. Manula mwenyewe, aliyekuwa kipa wa taifa kwa miaka, alipoteza nafasi palepale Simba na 2025 akarudi Azam.

Bao lililotutoa 16 bora, la Brahim Díaz wa Morocco, lilipita nguzo ya karibu kutoka pembe finyu. Simlaumu aliyekuwa golini, alikuwa amefanya makubwa kufika pale. Ila kwa kipa anayecheza mashindano ya Afrika kila mwaka, lile shuti ni la kawaida.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango:

Mkuu uliyeleta hoja ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025, kwamba tuliruhusu bao moja tu katika mechi nne za makundi na kipa alikuwa Mtanzania, Yakoub Suleiman: asante, umenisaidia. Yakoub alitoka JKT Tanzania, timu aliyokuwa akiidakia wiki hadi wiki. Hicho ndicho ninachokidai. Pia usisahau ukuta wa mabeki akina Bacca na Job mbele yake, kipa yeyote angelala usingizi.

Kwa wanaotaka TFF, shirikisho letu la soka, ipige marufuku makipa wa kigeni kama Misri: hapana. Ukimwondoa Diarra kwa sheria, humpati Mtanzania wa kiwango chake mwezi unaofuata, unapata mtu asiye na dakika anayeanza kwa sababu ya pasipoti. Na mechi za kimataifa za klabu ndizo zinazotulipia nafasi nne za klabu kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika.

Ninachopendekeza ni mkopo. Kipa wa pili wa Mtanzania kwenye klabu kubwa, kama yuko chini ya miaka 25 na hadaki, dirisha lisifungwe yuko palepale. Apelekwe Coastal Union, Mbeya City, popote atakapoanza mechi za ligi, mshahara waugawane. Atafungwa manne siku moja uwanja wa Kirumba, Mwanza, atazomewa, Jumamosi ijayo atasimama tena golini. Kwa muda uliobaki sioni shule nyingine.

Najua ugumu uko wapi: hakuna kocha wa Kariakoo, yaani wa Simba au Yanga, atakayekubali kubaki na kipa mmoja wa uhakika na kijana wa timu ya chini ya miaka 20. Kwa hiyo swali langu ni kwa mashabiki wa Simba na Yanga mliomo humu. Mko tayari kipa wenu wa pili aende Tanga msimu mzima, halafu namba moja aumie wiki ya dabi? Jibuni hilo kwanza, ya straika tutayarudia.