Ukoo wa Kukhu (nyanya yetu): presha, kilo na gauni la harusi

*Jumapili jioni*

Senge Rozi (shangazi, Webuye): Mulembe (salamu) ukoo. Leo nimejaribu gauni la harusi ya Simiyu kwa fundi. Zipu imekataa katikati ya mgongo. Fundi anataka kuongeza kitambaa kando, nimemwambia hapana, nitapungua mimi. Nafula wetu wa hospitali, upo?

Mama Sifa (Bungoma): Mwache aongeze, Senge. Kitambaa hakina shida 😂

Senge Rozi: Wewe nyamaza. Tangu nianzishiwe hii atenololi ya presha nimefura. Kuna mwenzangu wa chama aliacha dawa zake na akapungua, tunamwona. Nafikiria niache mpaka harusi ipite, halafu nirudie. Desemba si mbali.

Kevo (Nakuru): Senge usijisumbue. Niko na chai ya kupunguza tumbo, mitishamba tupu. Pakiti ni 1,500 lakini kwa ukoo 1,200. Kesho asubuhi naipa matatu, jioni iko Webuye.

Mama Sifa: Ameanza.

Nafula (Kisumu): Mulembe Senge. Ndio natoka zamu. Kabla ya chai ya Kevo, niambie, leo umemeza dawa?

Senge Rozi: Nimemeza. Nimeuliza kabla ya kuacha, mimi si mtoto.

Nafula: Asante sana. Basi endelea kumeza. Atenololi haiachwi ghafla, Senge. Hiyo dawa inaushika moyo usikimbie. Mtu akiiacha kwa mara moja moyo unaenda mbio, presha inapanda pengine kuliko ilivyokuwa mwanzo, kifua kinabana, na kuna wanaopata shambulio la moyo hapo hapo. Ikibidi iondolewe, daktari ndiye anaipunguza pole pole. Huyo wa chama alikuwa anameza gani?

Senge Rozi: Sijui. Nyeupe.

Mama Sifa: 😂😂 Zote nyeupe.

Nafula: Na kuhusu kuongeza mwili, husingizii dawa bure. Atenololi na ndugu zake propranololi na metoprololi zinaweza kumwongeza mtu kilo moja, tuseme mbili, ile miezi ya kwanza, halafu zinaishia hapo. Mwili unachoma chakula polepole kidogo, na mtu anachoka mapema kwa hivyo anatembea kidogo. Wewe umeongeza ngapi?

Senge Rozi: Kitabu cha kliniki wakati ule kiliandikwa 81. Jana kwa mizani ya kemisti, 89.

Nafula: Basi tuipe dawa kilo zake mbili. Hizo sita zingine hazikutoka kwa kidonge.

Mama Sifa: Zimetoka kwa karai la mandazi. Tangu afungue duka anaketi pale kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka usiku, na lazima aonje kama yameiva.

Senge Rozi: Mandazi isipoonjwa nitajuaje?

Kevo: Ndio maana nasema chai. Wateja wangu huku Nakuru wanapungua kilo tatu kwa wiki. Ushahidi niko nao kwa simu.

Nafula: Kevo, piga picha nyuma ya pakiti, pale wameandika kilichomo. Si mbele penye tumbo la huyo mrembo. Nyuma.

Kevo: 📷

Nafula: Naona sanamaki. Hiyo ni dawa ya kumfanya mtu aharishe, hospitalini tunawapa watu waliofunga choo. Kilo tatu za wateja wako ni maji na kinyesi, mafuta ya tumbo yako pale pale. Sasa sikiliza kwa nini nakasirika. Senge anameza pia ile dawa ya maji, ya kukojoa. Hiyo peke yake hutoa potasiamu mwilini. Ukimwongezea kuharisha kila siku, potasiamu inashuka, misuli inakaza usiku, na moyo unaanza kupiga ovyo ovyo. Mtu mwenye presha!

Kevo: Lakini ni mitishamba, Nafula. Hakuna kemikali. Wameandika.

Nafula: Waandishi wa pakiti wanaandika mengi. Kulikuwa na dawa ya kupunguza mwili inaitwa sibutramini, ilikuwa inauzwa kihalali. Mwaka 2010 Ulaya na Marekani wakaitoa sokoni kwa sababu ilikuwa inaleta shambulio la moyo na kiharusi. Hadi leo wakaguzi nchi nyingi wanaikuta imefichwa ndani ya chai na kahawa zilizoandikwa "mitishamba tupu". Sisemi yako inayo. Nasema wewe na mimi hatuwezi kujua kwa kuinusa.

Mama Sifa: Kevo umesoma ukanyamaza?

Simiyu (Nakuru): Senge, na ile saa niliyokuletea Pasaka? Uliacha kuivaa?

Senge Rozi: Ile saa ina dharau. Natembea kutoka dukani mpaka kanisani natokwa jasho, inaniambia mapigo hayajafika 120, eti sijafanya kazi.

Nafula: Haiwezi kufika, Senge, na usilazimishe. Atenololi inazuia mapigo yasipande, ndiyo kazi yake. Hizo namba za saa zimepigiwa hesabu watu wasiomeza dawa hiyo. Wewe pima kwa mdomo: ukitembea na bado unaweza kuongea na jirani lakini huwezi kumwimbia wimbo wa kwaya, hapo unafanya kazi sawasawa. Ukishindwa hata kuongea, punguza mwendo.

Simiyu: Kumbe. Mimi nilikuwa nataka nimpeleke mlima Menengai akija.

Nafula: Asianze na milima. Hata vilima vya Chetambe hapo Webuye aviache kwanza. Barabara ya tambarare, dakika kumi baada ya chakula cha jioni, akizoea anaongeza hadi nusu saa siku tano za wiki.

Senge Rozi: Na goti? Likianza huwa nameza ile diklofenaki, inatulia.

Nafula: Uwiii. Hiyo weka chini. Diklofenaki na ibuprofeni zinazuia maji na chumvi zisitoke mwilini, presha inapanda, na zikikutana na dawa ya maji figo zinaumia. Goti likiuma, paka dawa ya kuchua, pumzika, na uniulize. Watu wengi wanaanza mazoezi ili presha ishuke, halafu wanaipandisha kwa vidonge vya goti. Naona kila wiki.

Baba Mkubwa Wafula (Kimilili): Mulembe wote. Nimesoma mambo yenu kimya kimya. Mimi nilitoka kilo 94, sasa niko 83. Nilipunguza ugali, nikaacha pombe ya busaa, shambani naenda kwa mguu. Lakini hizi siku nikiinuka kitandani dunia inazunguka. Juzi nimeshika ukuta.

Mama Sifa: Baba Mkubwa! Kumbe ndio maana kule sokoni wananiuliza kama unaumwa.

Baba Mkubwa Wafula: Wananiuliza mimi mwenyewe, tena kwa sauti ya chini, wakiangalia shingo. Kuna mmoja amenitumia namba ya mganga.

Sifa (Bungoma): Kukhu amesikia nikisoma, anataka niandike. Anasema: "Wafula aje hapa ale. Mwanamume hakondi namna hiyo na mahindi yako ghalani. Na huyo bibi yake aulizwe."

Baba Mkubwa Wafula: Mwambie Kukhu bibi yangu hana kosa 😄

Nafula: Baba Mkubwa hongera kwanza, kilo kumi na moja si mchezo. Umepima presha?

Baba Mkubwa Wafula: Jana kwa kemisti. 98 kwa 60. Kijana akasema niko kama wa miaka ishirini.

Nafula: Huyo kijana hakuuliza unameza nini. Bado ile losatani ya presha na ya maji, dozi ile ile ya zamani?

Baba Mkubwa Wafula: Ile ile. Sijaruka hata siku moja.

Nafula: Hapo ndipo penye shida, na ni shida nzuri. Mtu akipungua, presha nayo inashuka, kama alama moja hivi kwa kila kilo. Dozi yako ilikatwa kwa mtu wa kilo 94 na presha yake. Sasa inamvaa mwingine. Hiyo 98 ukiwa na kizunguzungu ni ya chini mno, unaweza kuanguka ukavunjika nyonga. Kesho asubuhi nenda kliniki, usingoje tarehe iliyo kwenye kitabu. Usijikatie kidonge nusu wewe mwenyewe. Na usiku ukiamka kwenda haja, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, halafu ndio usimame. Zima simu usiku huu, ulale.

Baba Mkubwa Wafula: Sawa mama. Na chumvi niliacha kabisa, natumia ile ya kiafya, msichana wangu aliniletea kutoka supamaketi huko Kisumu.

Nafula: Imeandikwa nini?

Baba Mkubwa Wafula: Ngoja miwani. "Potassium chloride".

Nafula: Hiyo ni potasiamu. Kwa mtu mwingine ingekuwa sawa. Losatani inaizuia potasiamu isitoke, na wewe unaiongeza kwa kijiko, ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Kesho ibebe uwaonyeshe, na usiitumie tena mpaka wakuambie. Senge, kwako ilikuwa inapungua, kwake inazidi. Dawa si moja, ndio sababu sitaki mambo ya kuazimana ushauri kwenye chama.

Mama Sifa: Sasa Nafula mbona mimi nyayo zinafura jioni na sijaongeza hata kilo? Nameza amlodipini ya presha.

Nafula: Hiyo ni amlodipini yenyewe, inavujisha maji miguuni. Si unene. Inua miguu jioni, uwaambie kliniki. Lakini ukifura mguu mmoja tu, au ukikosa pumzi ukilala, usingoje kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Senge Rozi: Turudi kwangu. Basi nile nini? Msiniambie niache ugali.

Nafula: Sikuambii. Ugali ukubwa wa ngumi yako, mrenda na kunde zijae sahani, omena au kuku bila kukaanga. Kitunguu, nyanya, dania, limau. Zile pakiti za viungo vya mchuzi ni chumvi tupu. Na magadi kwenye mrenda ni sodiamu vile vile, Senge, hata kama haina ladha ya chumvi.

Senge Rozi: Mrenda bila magadi si mrenda.

Nafula: Weka kidogo sana basi. Niambie chai, vikombe vingapi?

Senge Rozi: Tano. Sukari vijiko vitatu.

Simiyu: Hiyo ni karibu nusu kilo ya sukari kwa wiki.

Senge Rozi: Weeh. Nusu kilo?

Simiyu: Vijiko 15 kwa siku mara saba, kijiko gramu nne. Piga hesabu.

Senge Rozi: Nitaanza na kijiko kimoja. Polepole.

Nafula: Hapo umeanza vizuri kuliko pakiti yoyote. Nusu kilo kwa wiki ikitoka inatosha, ukifika Desemba umeshusha nne au tano. Sasa kliniki, siku yako ni Alhamisi. Muulize daktari kwa adabu: "Hii atenololi nilipewa kwa sababu ya presha tu, au kuna shida ya moyo?" Kama ni presha tu, anaweza kuona kama kuna nyingine isiyogusa uzito. Kama ni ya moyo, inakaa. Wakikupima, keti kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza. Na waombe ule mkanda mpana, mkono wako ni mnene, mkanda mdogo unakusomea presha ambayo huna.

Senge Rozi: Hiyo ya mkono ungeninong'oneza.

*Jumatatu*

Baba Mkubwa Wafula: Nimetoka kliniki. Wamenipima nikiwa nimeketi, wakanipima nikiwa nimesimama. Wametoa ile ya maji, nimebaki na losatani peke yake, nirudi baada ya wiki mbili. Chumvi wameishika, daktari akatikisa kichwa. Wamechukua damu ya figo na potasiamu.

Nafula: Safi kabisa. Majibu ya damu nitumie mimi, si hapa kwenye kikundi.

Sifa: Kukhu anauliza kama sasa utakula.

Baba Mkubwa Wafula: Mwambie nitakuja Jumamosi. Achinje.

Kevo: Nafula, nikimrudishia aliyeniuzia hizo katoni, atanirudishia pesa?

Mama Sifa: Atakupa chai ya kupunguza hasira.