Siga za Kuba: mbona ladha inageuka chungu ikifika nusu?

Mtaa wa Pwani

Wakuu, habari za jioni. Naomba maelekezo kwa wanaozijua siga, zile nene zinazoviringishwa kwa mkono, si sigara za pakiti. Zilikuwa nne, zote za Kuba. Partagás Serie D No. 4 moja imeshawashwa na haikumalizika: mwanzo tamu, ilipofika nusu ikawa chungu na ya moto, ulimi ukawaka, jasho likatoka na kichwa kikawa chepesi. Zimebaki Partagás nyingine kama hiyo, Montecristo No. 4 na Hoyo de Monterrey Epicure No. 2. Zinakaa kwenye droo ya kabati hapa Dar, hazina sanduku lake. Tatizo ni siga, ni uhifadhi au ni uvutaji? Na hizo ladha za kakao, ngozi na asali zinazosimuliwa, mtu anazipataje?

Mzee wa Kapa

Mkuu, hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye. Uchungu na ulimi kuwaka ni joto. Jasho na kichwa kuwa chepesi ni nikotini.

Joto kwanza. Ukivuta harakaharaka, kaa la mbele linapanda moto na jani linaungua badala ya kufuka polepole. Unachobaki nacho mdomoni ni mkaa. Pafu moja kwa dakika linatosha, la sekunde mbili au tatu, kisha iache ipumzike. Shika siga kwa vidole sentimita mbili nyuma ya kaa: ikiwa huwezi kuvumilia, umekimbia mno, subiri dakika mbili. Epicure No. 2 na Serie D No. 4 zina vipimo sawasawa, urefu milimita 124 na unene namba 50. Namba hiyo ni sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo kipenyo ni karibu milimita 20. Hizo ni siga za dakika 50 hadi saa nzima. Ukiimaliza kwa nusu saa, umeipika. Montecristo No. 4 ni milimita 129 kwa namba 42, inakwenda dakika 40 hivi, na wembamba wake unaifanya ishike moto upesi kuliko hizo mbili. Hiyo ndiyo inayodai subira zaidi, ingawa watu huidharau kwa udogo wake.

Nikotini sasa. Moshi wa siga una alkali nyingi kuliko wa sigara, hivyo nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo hata usipovuta kifuani. Partagás ni kali, na ukiivuta na njaa itakuangusha. Kula chakula kamili saa moja kabla. Kichwa kikianza kuzunguka, iweke chini, kaa, kunywa kitu chenye sukari. Na mtu asikudanganye kwamba kutovuta kifuani kunaondoa madhara. Saratani ya mdomo na ya koo ipo palepale. Hii ni kitu cha mara chache.

Zivute siku tofauti: Hoyo kwanza kwa sababu ni nyepesi, halafu Montecristo, mwisho Partagás.

Kukata: kwenye kichwa cha siga (ncha ya mdomoni) kuna kofia, kijiduara cha jani kilichogundishwa. Ondoa milimita 2 tu, juu ya mstari ambapo kofia inaishia. Ukishuka chini ya mstari huo, kapa (jani la nje) inafumuka kama ukili uliokatika na unaanza kutema vipande vya tumbaku. Tumia kikatio cha makali mawili, pigo moja la haraka. Kisu cha jikoni kinakandamiza kabla hakijakata, na hapo ndipo kichwa kinapopasuka.

Kuwasha: kibiriti cha gesi au njiti ndefu. Cha petroli kinaacha harufu yake kwenye jani, na mshumaa vilevile. Shika siga kwa mshazari, ncha ya moto ikae sentimita moja chini ya mguu (ncha inayowashwa) bila kuugusa, zungusha mpaka ukingo wote uwe mweusi na uanze kung'aa. Sekunde 20 hadi 30. Ndipo uweke mdomoni, uvute taratibu huku ukiendelea kuzungusha. Puliza kidogo kwenye kaa uone: likiwa jekundu sawasawa kote, umemaliza. Kuichoma kama kuni za mkaa ni kuleta uchungu kuanzia pafu la kwanza.

Binti Kibokoni

Mzee wa Kapa kasema vema, ila hiyo droo nayo ina kesi ya kujibu. Pwani shida yetu si ukavu, ni unyevu kuzidi pamoja na joto. Siga iliyolowa haiwaki vizuri, inazimikazimika, mvutaji anaongeza nguvu na kasi ili isife, na kasi ndiyo ileile inayoleta moto na uchungu. Kwa hiyo inawezekana kabisa ulikuwa unavuta haraka kwa sababu siga yenyewe ilikulazimisha.

Ibonyeze taratibu kwa kidole gumba na cha shahada. Nzuri inazama kidogo na kurudi. Ikibaki na kishimo, imelowa. Ikilia kwa mkwaruzo wa jani kavu, imekauka.

Si lazima ununue sanduku la mwerezi. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kisichokuwa na harufu yoyote (usitumie kilichowahi kukaa bizari au dagaa, harufu haitoki), weka pakiti moja ya kudhibiti unyevu ya gramu 60, kama zile za Boveda, inatosha hadi siga 25. Chagua ya asilimia 62 au 65, usichukue ya 69. Kwenye nyuzi 28 au 30, hewa ya asilimia 69 imebeba maji mengi kuliko hewa ya asilimia hiyohiyo kwenye nyuzi 18. Siga zilizokuwa zimelowa zipe wiki tatu hadi nne kabla ya kuwasha, maana katikati hukauka mwisho.

Kipima unyevu kipya usikiamini hadi ukipime. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe kwa matone machache iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Funga pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 8. Lazima kisome 75. Kikisoma 71, basi kila unapokisoma unaongeza 4.

Halafu kuna mdudu. Mayai ya mbawakavu wa tumbaku yanaweza kuwa kwenye jani tangu ghalani, na joto likipita nyuzi 24 yanaanguliwa. Dalili ni vitundu vya duara kama vya pini na unga laini chini. Kwa joto la Dar mimi nisingebahatisha: funga siga kwenye mifuko miwili, zitoe hewa, weka kwenye friji siku moja, kisha friza siku tatu, rudisha friji siku moja, ndipo uzitoe. Ukiruka ile siku ya friji, kapa hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla. Friji pekee bila kufunga ni kosa, inakausha.

Mzee wa Kapa

Dada, kwenye 62 siwezi kukufuata. Habanos, kampuni inayouza siga zote za Kuba nje ya nchi, inashauri asilimia 65 hadi 70 kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukishusha hadi 62 kwa miaka, harufu inapungua.

Binti Kibokoni

Kwa mwenye friji la mvinyo linaloshika nyuzi 17, 65 hadi 69 sawa kabisa. Muuliza swali ana droo na siga tatu za kuvuta ndani ya miezi miwili. Kwa huyo 62 inawaka vizuri na haifugi ukungu.

Mtaa wa Pwani

Asanteni sana, nimeelewa kosa. Swali la nyongeza: Montecristo ina sehemu ngumu kama fundo karibu na katikati. Ndiyo imeharibika? Na ladha bado sijajibiwa.

Jani Kavu

Fundo ni majani ya ndani yaliyojisokota wakati wa kuviringishwa. Baada ya kukata, kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu. Inatakiwa iwe na ukinzani kidogo tu, kama kunywa maji kwa mrija mwembamba. Ikikataa kabisa, ikande sehemu hiyo kwa vidole huku ukiizungusha. Isipofunguka, ingiza waya mwembamba ulionyooka kutokea kichwani, ukiuzungusha badala ya kuusukuma, mpaka upite fundo. Kusukuma kwa nguvu kutatoboa kapa. Mara nyingine kinachobana ni unyevu tu, kwa hiyo fuata ushauri wa Binti kwanza.

Ile hewa tupu usiipoteze bure, ndiyo onjo la kwanza. Utasikia nyasi kavu, mwerezi, pengine zabibu kavu. Ukisikia amonia, harufu inayochoma pua kama ya choo cha ng'ombe, tumbaku bado changa. Irudishe chomboni miezi sita au mwaka.

Ladha itaeleweka ukijua ndani kuna nini. Siga nzuri ya Kuba ni majani matupu, hasa ya Vuelta Abajo mkoani Pinar del Río. Katikati kuna mchanganyiko unaoitwa tripa: majani ya chini ya mmea, volado, yanawaka vizuri na yana ukali mdogo, ya kati, seco, ndiyo yenye harufu, ya juu, ligero, yaliyokula jua zaidi, ni mazito, makali na yanawaka polepole. Jani la kufungia linaitwa kapote. Juu ya yote ni kapa, inayolimwa chini ya vitambaa ili jua lisiikomaze na kuifanya nene. Tofauti ya Hoyo na Partagás, ambazo umbo lao ni moja, iko kwenye mchanganyiko huo tu. Ndiyo maana napenda sana kwamba una zote mbili: ni darasa lililokamilika.

Jinsi ya kuonja: jaza mdomo moshi, usishushe kifuani, uache sekunde mbili juu ya ulimi. Toa robo tatu kwa mdomo. Kilichobaki, funga midomo na ukipitishe puani taratibu. Ulimi unakupa ladha za msingi tu, kama utamu, uchungu, chumvi na ukakasi. Kakao, ngozi, karanga na mkate uliobanikwa vyote vinanuswa, havionjwi. Asiyepitisha moshi puani analalamika kila siga ni sawa. Fanya hivyo mara moja kila pafu tano, si kila pafu, na moshi uwe mdogo, vinginevyo pua itawaka.

Gawa siga mafungu matatu. Kwenye Hoyo, fungu la kwanza huwa laini, mbao na kitu kama maziwa. Montecristo ina kahawa na kakao. Partagás inaanza na pilipili manga na udongo mkavu, kisha ngozi. Fungu la mwisho ni kali siku zote, kwa sababu unyevu na lami za mafungu mawili ya kwanza zimejikusanya karibu na mdomo wako. Si kila siga inastahili kuvutwa hadi kwenye vidole.

Kinywaji: maji, au kahawa chungu isiyo na tangawizi. Tangawizi inafunika kila kitu. Kashata iache hadi mwisho.

Kondakta wa Usiku

Naomba kupenyeza swali. Kuna sanduku la Cohiba (nazo ni siga za Kuba) lenye kifuniko cha kioo, bei nusu. Halali?

Mzee wa Kapa

Cohiba haitoki kiwandani kwenye sanduku la kifuniko cha kioo. Liache hapohapo. Sanduku halisi lina muhuri wa kijani wa serikali ya Kuba wenye namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos, na kwenye kitako cha sanduku kumechomwa maneno "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano" (imetengenezwa Kuba, kwa mkono kabisa), na kugongwa msimbo wa kiwanda, mwezi na mwaka. Mwezi ni wa Kihispania: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti. Ukikuta Partagás au Montecristo imeandikwa República Dominicana, hiyo si bandia, ni siga nyingine yenye jina lilelile.

Mtaa wa Pwani

La mwisho: ikizimika njiani, au ikiungua upande mmoja?

Jani Kavu

Upande mmoja: gusisha moto kwenye upande uliobaki nyuma, kisha geuza siga upande huo uwe chini. Upepo wa feni ndio chanzo kikubwa, hama. Ikizimika, kung'uta jivu lote, puliza kupitia kichwani kutoa moshi uliolala ndani, pasha mguu kama mwanzo, na puliza tena kabla ya pafu la kwanza. Ndani ya saa moja ladha inarudi. Ukiilaza hadi kesho itanuka jivu baridi. Jivu liache lifike sentimita 2 au 3, linapunguza joto la kaa. Ukimaliza usiikandamize kama sigara, ilaze kwenye kisahani ijifie, vinginevyo chumba kitanuka hadi asubuhi.