Naomba ushauri: kupima hofu ya hisabati kwa wanafunzi wa kidato cha pili

Habari zenu wakuu. Nafundisha hisabati sekondari moja huku Mbagala, Dar es Salaam. Nina wanafunzi ambao ukiwaita ubaoni chaki inawatetemeka mkononi, lakini jioni haohao wanauza maji na karanga pale mtaani Rangi Tatu na chenji hawakosei. Inaniumiza sana, maana watoto hawa wana akili.

Nataka kuipima hofu hiyo badala ya kukisia. Nimesoma kuhusu dodoso la Richardson na Suinn la mwaka 1972, lenye vipengele 98: unasoma tukio, unaweka alama 1 hadi 5 kuonyesha linakutia wasiwasi kiasi gani. Vipengele 98 kwa darasa lililojaa vile, hapana. Kuna jingine la Hopko na wenzake, 2003, lenye vipengele 9 tu, ila yote ni mambo ya kusoma na mitihani. Ya mtaani hayamo. Nafikiria kuongeza ya kwetu: kuhesabu chenji ya konda, kugawana hela ya mchezo (upatu), kupiga hesabu ya robo kilo dukani.

Sasa nikiongeza hayo, alama nijumlishe pamoja au za darasani na za mtaani nizitenge? Na niandike kwa Kiswahili? Somo tunafundisha kwa Kiingereza, naogopa nisije nikapima hofu ya lugha nikadhani ni ya hesabu. Majina sitaki waandike, wataficha ukweli, lakini nataka kuwapima tena muhula ujao na kulinganisha mmoja mmoja.

Walimu na watu wa saikolojia mliowahi kufanya hivi, mlifanyaje?