Naomba ushauri: kuvuka barabara Hanoi nikiwa na mama

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nipo Hanoi, Vietnam, na mama yangu anayetembea kwa mkongojo. Mitaa ya kale karibu na ziwa Hoan Kiem pikipiki hazikatiki, hata kwenye zebra hazisimami. Pembeni nako kumejaa pikipiki zilizoegeshwa na vigoda vya plastiki vya wauza supu. Wenyeji wanasema tembea polepole, usisite wala kurudi nyuma, zitakukwepa. Mimi naweza; mama akifika katikati anaganda, kaning'ang'ania mkono. Wikendi tunapumua, barabara za kando ya ziwa hufungiwa magari na pikipiki. Siku za kazi je, mliotembea huku na mzee mlivukaje? Na teksi hukubali safari fupi ya kuvuka tu?